Mtu wa Kipimo

Simu ilitetemeka ndani ya kikombe. Huwa naitia humo kabla ya kulala, kwenye kikombe cha bati juu ya stuli, karibu na mto wangu. Humo hunguruma kama nyigu aliyefungiwa, sauti ya kuniamsha mimi bila kumwamsha Nukta. Giza lilikuwa halijaanza hata kufikiria kuondoka. Nikapapasa, nikaichomoa, nikajifunika shuka gubigubi, mimi na simu yangu.

"Umelala?" akauliza mume wangu.

"Aliyelala anapokea simu?"

"Wewe unaweza. Darasani ulikuwa unasinzia huku unachora."

Nikacheka kwa pua ili mtoto asisikie. Mume wangu ndiyo kwanza alikuwa anatoka zamu. Huko aliko wanafungasha mboga kwenye chumba cha baridi, na akitoka hunipigia huku anatembea kuelekea anakokaa. Viatu vyake vya kazi ni vizito, nasikia vinavyosaga changarawe. Kusema kweli huwa nasikiliza viatu kuliko maneno. Vikinyamaza najua amefika mlangoni, na maongezi yamekwisha.

"Wamejibu?"

"Watajibuje kitu ambacho sijatuma, Baba Nukta? Zimebaki picha za nyumba ya Matroni. Nakwenda Jumamosi."

"Usiharakishe. Ila usichelewe pia."

"Sasa nishike lipi?"

"Yote mawili." Viatu vikaenda kidogo. "Nimepita nyumba moja huku, dirisha lake limeshuka mpaka chini kabisa. Mtoto akikaa sakafuni anaona njia. Nikasema, hili lingemfaa mtu wangu."

Nilitaka kumuuliza mtu gani, mimi au Nukta, lakini viatu vilikuwa vimenyamaza.

Yeye aliondoka kwa mkataba unaomruhusu mtu mmoja tu, yaani mwili wake na begi lake. Mke hayumo, mtoto hayumo. Lakini nchi ile ile inawatafuta wasanifu majengo, na msanifu akikubaliwa anaingia na familia yake, hakuna anayeachwa nje. Kwa hiyo mlango wetu ni mimi. Tatizo ni kwamba kabla ya kuomba chochote, bodi ya wasanifu ya huko lazima ipime sifa zangu na kutamka kwamba huyu ni msanifu kweli. Na sifa zangu mimi ni za darasa la jioni. Chuo changu hawakijui. Mtu wa aina yangu hupimwa kwa kazi yake: unatuma michoro ya jengo ulilolisanifu mwenyewe, kuanzia mstari wa kwanza mpaka siku mwenye nyumba alipokabidhiwa funguo, pamoja na picha zake. Halafu wanakuita kwenye mahojiano ya video, wakuulize kila mstari umetoka wapi. Wakikukataa unarudi nyuma ya foleni, na foleni yenyewe haionekani mwisho.

Baba yake alipoondoka, Nukta alikuwa anatambaa. Sasa anavaa viatu mwenyewe, cha kushoto mguu wa kulia, cha kulia mguu wa kushoto, na ukimkosoa ananuna.

Darasa letu la jioni lilikuwa kwenye shule ya msingi. Watoto wakitoka, sisi tunaingia, watu wazima na mafaili yetu, tunajikunja kwenye madawati yao. Wengine tulikunjika. Kijana mmoja aliyekaa jirani yangu hakukunjika kabisa. Magoti yalikataa kuingia chini ya dawati, ikabidi akae upande, miguu njiani, na kila aliyechelewa aliiruka kama mfereji. Tulimwita Mlingoti. Jina lenyewe alilipenda, alisema angalau bendera hupandishwa.

Mwalimu wetu wa usanifu alikuwa na mwiko mmoja. Ukichora mkato, yaani ile nyumba unayoipasua kama tikiti ili watu waone ndani, lazima usimamishe mtu humo. Bila mtu huwezi kujua dari limewekwa kwa ajili ya binadamu au twiga. Kompyuta ina watu wake wa tayari, wamesimama kama sanamu za dirisha la duka, na wasanifu wengi huwatumia hao. Kwa mwalimu wetu ilikuwa marufuku. "Mpime jirani yako," alisema siku ya kwanza, "umchore, na huyo ndiye mtu wako wa kipimo mpaka utakapostaafu. Mtu usiyemgusa utamjengeaje?"

Nikapanda kiti, nikavuta tepu.

"Dada, huko juu kuna baridi?" Mlingoti akauliza.

"Kaka, nyamaza, unatikisa tepu."

Nikampima kichwa, macho, bega, mkono ulionyooshwa juu. Mita moja na sentimita tisini na moja, pamoja na nywele. Nilipofika kwenye kiwiko yeye alikuwa ameshanyamaza kikweli, na mimi nimesahau namba niliyotoka kuisoma. Ikabidi nipime tena. Mwalimu alipita, akatutazama, akasema zoezi lilikuwa la dakika kumi.

Tulipooana, na Nukta alipokuwa njiani, mmoja wetu alilazimika kuacha masomo. Aliacha yeye. Alisema yeye ameshachorwa, kwa hiyo amefaidika.

Watu huniuliza navumiliaje. Sijui kuvumilia, najua kuchora. Ofisini kwetu kila mkato unaopita mikononi mwangu una yeye ndani. Amesimama kwenye zahanati mbili, kwenye duka la vitabu, chini ya ngazi za hosteli ya wanafunzi, kiganja kimoja juu ya ukuta, kama mtu anayesubiri kuitwa. Bosi wangu anamwita mfanyakazi hewa. "Huyu bwana," husema, "yuko kwenye kila mradi na hajawahi kuomba mshahara."

Nukta baba yake anamjua kwa uso. Saizi ya uso wenyewe ni saizi ya simu. Mchana mmoja nilimkuta ameilaza simu kitandani na kuifunika kitambaa cha mkononi mpaka kwenye kona za juu.

"Unafanya nini?"

"Baba analala. Miguu yake baridi."

"Miguu iko wapi, mwanangu?"

Akafunua kitambaa chini, akaangalia kwa makini, akakirudisha.

Jumamosi tukaenda kwa Matroni. Ni muuguzi mstaafu, mfupi, sauti bado ya wodini, na nyumba yake ndiyo jengo pekee ambalo Bosi aliniachia mwenyewe mwanzo hadi mwisho. Nilianza kulichora mwezi ule ule mume wangu alioondoka. Lilipokamilika funguo zilikabidhiwa na Bosi, mimi siku hiyo nilikuwa hospitali na Nukta, kifua kimembana. Kwa hiyo nilikuwa sijawahi kuiona nyumba yangu ikiwa na mtu anayeishi ndani.

"Shikamoo, Matroni."

"Marahaba. Huyu ndiye Nukta? Mbona hana alama ya sindano hata moja? Lete mkono."

Nukta akajificha nyuma ya sketi yangu. Matroni akacheka, akatuachia nyumba tupige picha.

Sebule ilinipendeza. Mwanga uliingia nilipouomba uingie. Nikapiga ukumbi, nikapiga veranda, nikafika jikoni. Chini ya rafu, katikati kabisa ya picha niliyoitaka, palikuwa na kreti la soda limegeuzwa. Nikalisogeza pembeni kwa mguu.

"Rudisha, mwanangu," Matroni akasema kutoka mlangoni. "Hiyo ndiyo ngazi yangu."

"Ngazi ya nini?"

Badala ya kujibu akalisukuma kreti pale lilipokuwa, akashika ukingo wa sinki, akapanda, akanyoosha mkono, akashusha sahani. Akateremka. Akapanda tena, akairudisha. Alifanya hivyo bila kunilaumu, kama mtu anayemwonyesha mgeni swichi ya taa ilipo.

"Tangu umehamia?"

"Tangu nimehamia. Na bafuni kioo kinanionyesha paji la uso peke yake. Nywele nazichana kwa kumbukumbu."

"Matroni, kwa nini hukusema?"

"Nilidhani ndiyo usasa. Siku hizi kila kitu kiko juu."

Nikaenda dirishani. Dirisha lile nililipenda kuliko yote, nililikusudia ili anayepika aone geti na anayeingia getini. Nikasimama pale anaposimama yeye, nikakunja magoti mpaka nikalingana naye. Niliona mbingu na ncha ya paa la jirani. Nikasimama wima, nikanyoosha mkono kuelekea rafu ya juu. Haukufika. Rafu niliyoichora mimi, mkono wangu mwenyewe haukuifikia, na nikajua ni mkono gani ungefika, tena bila kujinyoosha, huku mwenye nao anaongea na mtu mwingine.

Nyumba nzima ilikuwa imekatwa kwa mwili wa Mlingoti. Nilikuwa nimemwekea sahani, kioo cha kunyolea ndevu, dirisha la kunitazama nikirudi kazini. Na mwenye nyumba nikamwachia kreti.

Matroni alizalisha wanawake maisha yake yote, si mtu wa kufichwa kitu. Alinitazama mkono wangu ukiwa bado uko juu.

"Yuko wapi huyo uliyemjengea?"

"Nje."

"Siku nyingi?"

"Mtoto hamjui miguu."

Akavuta kiti, akakaa, akampakata Nukta ambaye alikuwa ameshasahau habari ya sindano. "Basi piga picha na kreti lako," akasema. "Ndivyo nyumba ilivyo."

Jioni ile wifi yangu alikuwa kwetu, anamsuka Nukta. Ni dada yake mume wangu, anauza vifaa vya simu, na ulimi wake ukiuachia unakata kadi ya simu bila mkasi. Nilikuwa nimefungua kompyuta mezani, mkato wa nyumba ya Matroni umejaa kwenye kioo. Nikamweleza yote.

"Tatizo sasa liko wapi?" akasema, chanuo mdomoni. "Mfute huyo. Weka mtu wa kawaida, shusha rafu, tuma."

"Nyumba imeshajengwa, wifi. Picha zitaonyesha rafu ilipo."

"Picha piga kwa mbali."

"Nao watauliza."

"Wakiuliza, wewe msanifu, wape maneno ya kisanifu. Ila usithubutu kutaja mume. Wao wanataka mtu wa kuchora majengo, hawataki mtu wa kulia. Ukiwaambia unamfuata mume watasema hii siyo ofisi ya ndoa." Akatoa chanuo. "Tena ndoa yenyewe ya kwenye simu. Betri ikiisha, mjane."

"Wifi."

"Natania. Lakini mtoe. Asiyekuwapo na lake halipo. Ni kaka yangu, na mimi ndiye ninayesema."

Alikuwa na hoja. Niliyaona maisha yetu yote yamesimama kwenye mchoro ule, na mtu mmoja amesimama katikati akiyazuia kwa urefu wake. Nikamchagua, mistari yake ikang'aa buluu. Nikabonyeza. Akatoweka.

Nikaketi natazama. Kuta zilikuwa pale pale, paa pale pale, rafu, sinki, dirisha, kila kipimo sahihi. Ikawa kama nyumba ambayo waliohama wamesahau kuzima taa. Nyuma yangu mikono ya wifi ilikuwa imesimama.

"Shangazi, unavuta," Nukta akalalamika.

"Pole, mama." Wifi akalegeza msuko, macho kwenye kioo. Halafu akasema, kwa sauti ambayo hauzii chaja, "Mrudishe bwana. Mpaka mimi imenisumbua."

Nikamrudisha.

Jumamosi iliyofuata nilikwenda na fundi seremala kwa Matroni. Kabla fundi hajashika bisibisi, nilifanya nilichopaswa kukifanya mwanzo kabisa. Nilimpima mwenye nyumba. Alisimama wima mgongo ukutani, kidevu juu, kama wagonjwa aliowapima yeye wodini.

"Nitoe viatu?"

"Jikoni huwa unavivua?"

"Navaa ndala."

"Basi vaa ndala."

Rafu zikashuka. Kioo kikashuka. Dirisha lilihitaji mwashi, lakini nikachora jinsi litakavyoshushwa, na Matroni akasema mwashi anamfahamu, alimpokea kwa mikono yake siku aliyozaliwa. Kreti akampa Nukta alifanye kiti.

Karatasi ile ya marekebisho nikaiweka mwisho wa michoro yangu: jiko lile lile, Matroni amesimama ndani na ndala zake, mkono wake umegusa sahani. Michoro ya awali sikuigusa. Mlingoti akabaki pale pale alipokuwa. Bosi alitakiwa kuthibitisha kwamba kazi ni yangu. "Nasaini kuua ofisi yangu," akanung'unika, akasaini. Nikatuma.

Mahojiano yalikuwa mchana kwetu, kwenye chumba cha mikutano cha ofisi. Bosi alinikabidhi chumba kama anayekabidhi gari. "Zima feni, inapiga kelele. Jasho halionekani kwenye kamera." Akatoka, kisha nikamsikia nje akimfukuza kila aliyetaka kupita.

Kwenye kioo walitokea wawili, mama mwenye mvi zilizokatwa fupi, na bwana aliyepandisha miwani kichwani kama mtu aliyesahau anayo. Lugha ilikuwa yao, mimi maneno nayaandika hapa kwa yetu. Wakaniuliza kuhusu msingi, udongo, maji ya mvua yanakwenda wapi, kwa nini paa nililielekeza kule. Hayo nayajua usingizini. Nilianza kuhisi mabega yangu yanashuka.

Ndipo yule mama akasema, "Kuna bwana mmoja yuko kwenye michoro yako yote. Si wa kwenye programu. Ni nani?"

Nikamsikia wifi yangu kama amekaa kwenye kiti cha pembeni. Nilikuwa na jibu la kisanifu tayari, niliwahi kulifanyia mazoezi mbele ya kioo cha kabati: ni mfano wa kipimo cha mwili wa binadamu. Jibu safi, halina kasoro. Ulimi ukakataa. Kama wangeniuliza juu ya nguzo nisingewadanganya, na huyu kwangu ni nguzo.

"Ni mume wangu," nikasema. Nikawaeleza darasa la jioni, mwiko wa mwalimu, kiti na tepu. Nikawaeleza yuko wapi sasa. Mji anakofungasha mboga, kumbe ndio mji wao.

Bwana wa miwani hakutabasamu. "Kwa hiyo jiko la mteja ulilipima kwa mwili wa mtu mwingine."

"Ndiyo."

"Ni kosa."

"Ni kosa. Nililigundua nilipokwenda kupiga picha. Karatasi ya mwisho ndiyo marekebisho."

"Na kama tusingetaka picha?"

Swali lile lilinikata. "Angekuwa bado anapanda kreti," nikasema, "na mimi ningekuwa nimejisahau hivyo hivyo. Sasa sianzi kuchora kabla ya kumpima mwenye nyumba. Mume wangu namwacha kwenye mkato aonyeshe ukubwa. Rafu hapangi tena."

Yule mama aliandika kitu. Kisha akasema, "Una penseli? Tuchoree hapo hapo ulipo, kwa mkono. Jiko la watu wawili wasiolingana kabisa kwa urefu. Tutasubiri."

Nikavuta karatasi. Mstari wa sakafu, mstari wa dari. Meza ya kupikia ngazi mbili, ya juu kwa mmoja, ya chini kwa mwingine, na ile ya chini ukiivuta inatoka kama droo na kuwa benchi. Sahani za kila siku nikaziweka chini ili zifikiwe na wote, vyombo vya mara moja moja juu. Kisha nikashusha dirisha mpaka sakafuni, mtu akikaa chini aone njia. Nilikuwa sifikirii. Jiko lile kumbe lilikuwa ndani yangu muda wote, limekosa tu mtu wa kuliulizia.

Nikamsimamisha yule mrefu. Mkono wangu unamjua, haukusita. Pembeni yake nikamsimamisha yule mdogo. Vipimo vyake navyo navijua, nampima kila nikimnunulia nguo. Nilipomaliza kichwa chake nikainua penseli, nikakuta siwezi kuishusha tena.

Sikuwahi kuwaona wamesimama pamoja. Nilikuwa na urefu wa huyu na urefu wa huyu, kila mmoja kivyake, nchi mbili, na haikunipitia hata siku moja kuwaweka kwenye mstari mmoja wa sakafu. Kichwa cha Nukta kilifika kwenye mkanda wa baba yake. Sikuwa nalijua hilo. Mimi, mama yake, nimeambiwa na penseli.

"Umemaliza?" bwana wa miwani akauliza.

Nikainua karatasi mbele ya kamera. Nikaishika kwa mikono miwili.

Alishusha miwani machoni, akasogea. "Huyu mdogo ana miaka mingapi?"

"Minne."

Akatazama kwa muda. "Dirisha ni zuri," akasema.

Wakanishukuru, wakasema nitajibiwa kwa barua pepe, kioo kikawa cheusi na sura yangu ndani. Bosi akachungulia. "Vipi?" Nikamwambia sijui. Akawasha feni.

Kungoja kuna kazi zake. Nilifua mapazia ambayo hayakuwa machafu. Wifi akawa anapita kila jioni na haulizi chochote, jambo ambalo kwake ni ugonjwa. Mume wangu naye akaacha kuuliza "Wamejibu?", akawa anauliza hali ya hewa.

Barua ilipokuja nilikuwa uani naanua nguo, mchana wa jua. Nikaifungua kwenye simu nikiwa na vibanio mdomoni. Niliisoma, nikaisoma tena, nikatafuta neno "lakini", halikuwepo. Sifa zangu zimepimwa, zimekubaliwa, naweza kuendelea na maombi kama msanifu majengo. Nikatema vibanio, vikaanguka kwenye beseni.

Wiki ile zamu yake ilikuwa imegeuka, anatoka wakati kwetu bado mchana. Nikampigia. Nikasikia viatu kwanza.

"Mama Nukta. Kuna nini, mbona saa hizi?"

"Wamekubali."

Viatu vikanyamaza.

"Umefika mlangoni?" nikauliza.

"Hapana," akasema. Nikasikia gari likimpita. "Nimesimama tu njiani."

Tukakaa hivyo. Yeye njiani kwake, mimi katikati ya nguo, shuka linanipiga usoni kila upepo ukija. Nilijua na yeye anajua kwamba bado kuna maombi yenyewe, vipimo vya afya, alama za vidole, ofisi hii na ile, na kungoja kwingine juu ya huku. Hakuna aliyeyataja.

"Naomba umweleze mwanangu," akasema mwishoni, na sauti yake ilikuwa na maji.

"Mweleze mwenyewe. Piga ya video. Subiri kwanza nifanye kitu."

Nikaingia ndani. Ukuta wa chumba chetu ni mweupe, nyumba ni ya kupanga, lakini penseli inafutika. Nikavuta kiti, nikachukua tepu. Nukta akaja na kreti lake la soda, akakaa kutazama.

"Mama, unachora nini?"

"Mtu."

"Nyumba yake iko wapi?"

"Tutaichora baadaye."

Miaka yote nimemchora akiwa mdogo, kwa kipimo cha moja kwa hamsini, moja kwa mia. Siku hiyo nilimchora moja kwa moja, urefu wake kamili. Visigino sakafuni. Magoti yale yaliyokataa kuingia chini ya dawati. Mkanda, kiwiko kile cha kunisahaulisha namba, mabega. Nikapanda kiti kufunga kichwa, na uso nikauacha wazi.

Simu ikaita. Nikaishika pale pale juu, kwenye nafasi ya uso, na yeye akatokea, macho mekundu, anacheka, akiwa kwenye urefu wake kwa mara ya kwanza ndani ya chumba hiki.

Nukta alisimama polepole. Alitazama miguu ukutani, akapandisha macho mpaka shingo ikagoma, akashuka nayo tena. Hakuonekana kushangaa sana, zaidi alionekana kama mtu anayehakikisha. Akaenda, akageuka, akabandika mgongo ukutani, visigino vimegusa. Akaweka kiganja juu ya kichwa chake mwenyewe, akakitelezesha mpaka kwenye mistari ya penseli, akajitoa kuangalia kilipoishia.

"Baba," akasema, "nakufikia kiunoni."